Taima izime, kuwasha tuwashe wenyewe: kuhusu taa za Krismasi za nje

Kila Desemba ikianza swali hili linarudi kwenye magrupu ya mtaa na ya familia: hizi taa za sikukuu za nje niziweke kwenye taima au niwe nawasha na kuzima kwa mkono? Majibu yanamiminika, mmoja anasema taima inaokoa umeme, mwingine anasema taima feki zinaunguza nyumba, mwingine anatuma picha ya soketi ya waifai aliyoagiza mtandaoni, na mjadala unaishia hapo kila mtu na lake. Mi msimamo wangu ninao, nimeutetea mbele ya mume wangu, mbele ya fundi, na mbele ya wifi yangu aliyeko Minnesota ambaye hakubaliani na mimi hata kidogo. Taima ipewe kazi ya kuzima. Kuwasha awashe mtu. Na siku ambayo hakuna mtu wa kuwasha, basi zisiwake.

Najua wengi wanaona nawaongezea kazi, maana watu wananunua taima ili wasahau kabisa habari ya taa, ziwake zenyewe zizime zenyewe. Sawa, ila tuanze na hiyo ya kuwaka zenyewe tuone hapa Dar inakwendaje.

Taima iliyojaa madukani ni ile ya duara, ina meno madogo madogo pembeni, mara nyingi 96, kila jino dakika 15, unabonyeza meno ya saa unazotaka umeme upite halafu unazungusha duara mpaka saa ya muda ule ikae kwenye alama. Ndani kuna kimota kidogo kinachoendeshwa na umeme uleule wa ukutani, na mwendo wake unafuata mapigo ya umeme, hezi 50 kwa huku kwetu, yaani mapigo 50 kwa sekunde. Haina betri. Kwa hiyo umeme ukikatika kimota kinasimama na duara linasimama, ukirudi linaendelea pale lilipoishia kana kwamba hakuna muda uliopita. Ukikatika masaa mawili mchana, taa ulizopanga ziwake saa moja jioni zitawaka saa tatu, na zile za kuzima saa nne zitazima saa sita. Kesho ukikatika masaa matatu unajumlisha juu ya yale mawili. Ikipita wiki yenye kukatikakatika taa zinawaka wakati watu wanapanda kitandani na zinazima alfajiri, na hapo mwenye nyumba bado anaamini taima inafanya kazi kwa sababu anaisikia inalia trrr pale ukutani.

Halafu kuna kulisoma hilo duara. Limeandikwa 1 mpaka 24 kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo saa moja yetu ya jioni ni 19 na saa nne usiku ni 22, mtu mwenye haraka anabonyeza meno ya 7 mpaka 10 halafu taa zinawaka asubuhi watu wakinywa chai.

Na zile taima zinazoletwa na ndugu kutoka Marekani, hizi naziongelea kwa sababu naziona sana kwenye mabegi ya Desemba. Kule umeme wao ni volti 120 na hezi 60. Ukiichomeka kwenye 230 yetu moja kwa moja inaungua, hilo watu wanalijua, kwa hiyo wanatumia transifoma ya kushusha. Transifoma inashusha volti lakini hezi haizigusi, zinabaki 50, na kimota kilichotengenezwa kwa 60 kikipewa 50 kinazunguka taratibu kwa moja ya sita. Duara la masaa 24 linachukua masaa 28 na dakika 48 kumaliza mzunguko. Yaani kila mzunguko inachelewa karibu masaa matano hata umeme usipokatika hata sekunde moja! Fundi anaweza kufungua na kufunga mpaka achoke hatoona kilichoharibika, kwa sababu hakuna kilichoharibika, imezaliwa kwa ajili ya umeme mwingine. Mwambieni ndugu asihangaike nayo, hiyo nafasi ya begi alete kitu kingine.

Za dijitali ni afadhali, zina kabetri kadogo ndani kanakoshikilia saa hata umeme ukikatika, na unaweza kupanga Jumamosi tofauti na Jumatatu. Kabetri kenyewe kanachoka ikikaa kabatini mwaka mzima, kwa hiyo mwezi wa kumi na mbili unaichomeka kwanza ichaji ndo uanze kuipanga, ukikuta skrini imekufa usiitupe haraka. Soketi za waifai nazo nyingi zinakumbuka ratiba lakini saa inapotea umeme ukikatika, zinahitaji intaneti zijue ni saa ngapi, sasa fikiria umeme umerudi ila bando limeisha. Na fotoseli, ile inayohisi giza, yenyewe haijui sikukuu, inawasha jua likizama na kuzima likichomoza, masaa kumi na mbili mfululizo. Inafaa taa ya ulinzi getini. Kwa mapambo ni kukesha bure, labda upate ile iliyounganishwa na saa, inayowasha giza likiingia na kuzima baada ya masaa manne au sita.

Kwa hiyo ukitaka taa ziwake zenyewe njia zipo, ukinunua ya dijitali nzuri ukaiangalia mara mojamoja itakuwashia vizuri tu. Sipingi kwa sababu haiwezekani. Napinga kwa sababu nimeona kinachotokea nyumba inapojiwasha.

Hakuna anayetoka nje.

Kweli kabisa, angalieni kwenu. Taa zinawaka zenyewe saa moja kasoro, watoto wako kwenye katuni, baba yuko kwenye foleni, mama yuko jikoni, dada naye anaanua nguo, na zile taa tulizonunua na kupandia ngazi juani tukazifunga kwenye ukingo wa bati zinamulika barabara. Tunaziona tukirudi kutoka dukani. Baada ya siku kadhaa hazionekani tena hata na sisi wenyewe, zimeshakuwa sehemu ya ukuta. Lakini kwenye nyumba ambayo kuna mtu anabonyeza, kunakuwa na zamu ya nani leo, kuna ugomvi kidogo, kuna mtoto mdogo kuliko wote anayebebwa ili afikie swichi, wengine wanakimbilia getini wakaone zikiwaka kwa nje, na jirani akisikia kelele anachungulia. Dakika tano tu. Mi hizo dakika tano ndo naziita Krismasi ya nje, taa zenyewe ni vifaa.

Na hata huko mapambo haya yalikoanzia ilikuwa hivyohivyo. Mwaka 1882 Edward Johnson, mshirika wa Thomas Edison, alipoweka balbu za umeme kwenye mti wa Krismasi nyumbani kwake New York, balbu 80 za rangi nyekundu, nyeupe na bluu, alitaka watu waje wauone. Na ule mti wa taifa wa Marekani pale Washington, wa kwanza kabisa wa 1923, Rais Calvin Coolidge alikwenda mwenyewe jioni ya tarehe 24 Desemba akabonyeza kitufe na balbu zipatazo 2,500 zikawaka mbele ya watu. Mpaka leo wanaalika rais na wanahesabu pamoja. Si kwamba wamekosa taima. Wanajua watu wanakuja kuona kitendo cha kuwasha.

Sasa kuzima.

Kuzima ni kinyume chake kabisa, hakuna furaha yoyote, hakuna mtoto anayegombania kuzima, na anayetakiwa kuzima ndo yuleyule aliyechoka kuliko wote na ameshalala kwenye kochi. Ndo maana mitaa yetu Desemba taa zinawaka mpaka asubuhi, si kwa sababu watu wanapenda, ni kwa sababu hakuna aliyekumbuka, na aliyekumbuka saa nane usiku hawezi kutoka nje kwenda kuchomoa plagi barazani. Kazi ya kusahaulika inayofanana kila siku, isiyohitaji moyo wa mtu, hiyo ndo ya kuiachia mashine.

Kwa nini zizime lakini? Wengi wanajibu umeme, na hapa naomba tupige hesabu kidogo kwa sababu jibu linategemea taa zako. Mteja wa kawaida wa nyumbani anayenunua LUKU, umeme wa kulipia kabla, yuniti moja (wati 1,000 kwa saa nzima) inamgharimu karibu shilingi 356 ukijumlisha kodi na tozo. Chukua zile nyuzi ndogo za LED za balbu 100, tuseme kila uzi unakula wati 6, ukifunga nyuzi kumi ni wati 60. Ukiziacha masaa kumi na mbili kwa siku 30 ni yuniti 21.6, kama shilingi 7,700. Ukizima baada ya masaa manne ni yuniti 7.2, kama shilingi 2,560. Umeokoa elfu tano na kidogo. Sio hela ya kutupa ila haiwezi kuwa ndo sababu, taima nzuri yenyewe huenda ikala yote ya mwaka huu.

Ila ukiwa na taa za mkanda, zile bapa zinazouzwa kwa mita pale Kariakoo, nene, nyeupe kali, hesabu inageuka. Nyingi zinakula kama wati 8 kwa mita. Nyumba ya kawaida kuzunguka bati mbele na pembeni inaweza kufika mita 30, hapo ni wati 240, masaa kumi na mbili kwa siku 30 ni yuniti 86 na ushee, zaidi ya elfu thelathini, wakati kwa masaa manne ni elfu kumi. Na kwa wale walio kwenye kundi la matumizi madogo, wanaolipa kama 122 kwa yuniti mpaka yuniti 75 kwa mwezi, mkanda huo peke yake ukikesha unawatoa kwenye 75, na zile zinazozidi wanauziwa ghali kuliko hata mteja wa kawaida. Kwa nyumba kama hiyo taima ni lazima kabisa, sio suala la kupenda. Angalia wati kwenye boksi kabla hujanunua, muuzaji akikwambia dada hizi hazili umeme muulize hazili ngapi kwa mita.

Lakini hata taa zingekuwa za bure bado ningezima. Nyumba zetu zimebanana. Ukuta wangu na dirisha la chumba cha jirani hazifiki hata upana wa gari, na taa zikiwa kwenye ile staili ya kuwakawaka, nyekundu kijani nyekundu kijani, zinapita pazia kama halipo. Kuna nyumba ina kichanga, kuna nyumba ina mgonjwa, kuna muuguzi anaingia zamu ya asubuhi saa moja na lazima awe kituoni saa kumi na moja, hao hawatakuja kukugongea kukwambia zima taa za Yesu, watavumilia kimya mpaka Januari. Kumvumilisha mtu namna hiyo kwenye sikukuu yako mi naona si uungwana. Na kumbuka kitu kimoja cha kiufundi, vile viboksi vya staili nane vingi havina kumbukumbu, umeme ukikata na kurudi vinaanza staili ya kwanza ambayo ndo ile ya kuchanganya zote, kwa hiyo hata kama ulipanga zitulie, umeme ukirudi saa tisa usiku zinaanza kurukaruka zenyewe na wewe umelala. Taima iliyokwishazima saa nne inazuia hilo.

Halafu kuna kumbikumbi. Desemba Dar bado tuna mvua za vuli, na jioni baada ya mvua kumbikumbi wanatoka ardhini na kufuata mwanga wowote, asubuhi unakuta mbawa zimejaa barazani na mijusi imeshiba. Wakitoka jioni hiyo ni kawaida yao, watoto wanafurahi kuwakimbiza, ila taa zikikesha kila mdudu wa mtaa anakesha hapo akizunguka mpaka anakufa. Taa za rangi ya njano wadudu wanazifuata kidogo kuliko nyeupe zenye ubluu, hilo nalo liwe akilini ukiwa dukani, mbali na kwamba njano inapendeza zaidi kwenye ukuta, hapo naongea kama mimi.

Sasa naomba niende kwenye hatari, kwa sababu kwenye magrupu watu wanaichanganya taima na usalama. Taima sio kinga ya umeme. Taima ni swichi yenye saa, basi. Haijui kama waya umechubuka, haijui kama mtoto ameshika grili.

Na sisi grili ndo zetu. Madirisha yana nondo, mlango una geti la chuma, paa ni bati, na taa tunazifunga hapohapo kwa vipande vya waya wa kufungia. Ngozi ya waya ikikatwa na ncha ya bati, na mvua ikanyesha, chuma chote kinaweza kuwa na umeme na usione tofauti yoyote kwa macho. Kitu kinachokuokoa hapo ni breka ya kuvuja, zile RCD za miliampi 30 zinazokaa kwenye boksi kuu na kukata umeme wenyewe ukianza kuvuja, unabonyeza kile kitufe cha majaribio kuona kama inakata. Nyumba nyingi za zamani hazina. Kama yako haina, hela ya taima ipeleke huko kwanza, nasema hili kwa uzito wote nilionao, mapambo yatasubiri mwaka mwingine.

Na jambo ambalo watu wengi hawaambiwi: taima nyingi zinakata waya mmoja tu kati ya miwili. Kama aliyefunga soketi yako aligeuza laivu, waya unaoleta umeme, na nyutro, ule unaourudisha, taima inakata nyutro, taa zinazima, lakini laivu bado ipo kwenye uzi wote mpaka mwisho wa ua. Ukiona taa za LED zimezimwa lakini usiku zina mwanga hafifu wa kubakia, sio lazima iwe hiyo ila inaweza kuwa, mwite fundi apime. Kwa hiyo mtu asipande ngazi kurekebisha taa eti kwa sababu taima imeshazima. Chomoa plagi, ushike plagi mkononi mwako, ndo upande.

Taima za kawaida pia ni za ndani ya nyumba, maji hazijui kabisa. Iweke sebuleni, upitishe waya dirishani, na maungio yote ya nje yaangalie chini na waya ushuke kidogo kabla ya kuingia ili tone la mvua lidondoke lisifuate waya. Ekstensheni ya kuzungushwa ikunjuliwe yote, na mkanda wa taa usiwashwe ukiwa bado kwenye kifungu chake, vyote viwili vinapata moto vikiwa vimekunjwa.

Hapo sasa ndo tunafika kwenye safari, na kwa familia yetu hili ndo kubwa kuliko yote. Sisi ni watu wa Kilimanjaro. Kuanzia katikati ya Desemba mabasi ya Moshi na Arusha yanajaa, barabara ya Chalinze mpaka Segera ni msururu, na mitaa mizima ya Dar inabaki na mlinzi na mbwa. Na hapa ndo watu wanasema sasa taima ndo ina maana yake, taa ziwake na kuzima nyumba ionekane ina watu, wezi wasijue.

Nimelifikiria hili sana na silikubali. Mwizi wa mtaani anajua nyumba ya Mchaga Desemba, hahitaji taa kumwambia. Anaangalia gari halipo, anaangalia nguo hazijaanikwa, anaangalia majani yameanguka mlangoni hayajafagiwa siku nne, na anaangalia taa zinazowaka dakika ileile kila siku bila mtu kutoka. Ukitaka nyumba iwe na dalili ya watu acha taa ya ndani moja kwenye taima ya dijitali yenye ule mpango wa kubahatisha, unaowasha na kuzima saa zisizofanana, weka taa ya ulinzi yenye fotoseli getini, na mwombe jirani afagie mlangoni. Ila ule uzi wa mapambo uliofungwa kwenye bati, ulionyeshewa wiki mbili, ukiuacha ujiwashe kwenye nyumba iliyofungwa makufuli na wewe uko Rombo, ukishika moto nani atasikia harufu? Nani ana funguo? Taa za mapambo zinahitaji pua ya mtu karibu. Siku ya kusafiri tunachomoa kabla ya kufunga mlango, na hiyo ni kazi ya mtu anayetajwa kwa jina jana yake usiku, si ya yeyote atakayekumbuka.

Wifi yangu ana hoja yake na naiheshimu. Anasema kule Minneapolis katikati ya Desemba jua linazama saa kumi na nusu jioni, yeye yuko kazini, watoto wako shule mpaka basi liwalete, soketi iko nje chini ya theluji, nani atoke kwenye baridi ile kwenda kubonyeza? Anaweka taima yenye kinga ya maji, inawasha giza likiingia, inazima saa nne usiku, na akirudi na gari anaikuta nyumba inamulika kwenye theluji na anasema ndo kitu pekee kinachomchangamsha msimu ule. Tena soketi zao za nje zina kinga ya kuvuja palepale kwenye soketi. Kwake naona inaeleweka, giza la kule ni refu na baridi yao sio ya mchezo. Sisi jua linazama saa kumi na mbili na nusu na ushee, Desemba nzima linasogea kama robo saa tu, joto lipo, watu wako barazani wanapunga upepo. Hakuna kinachotuzuia kubonyeza swichi. Nilimwambia wifi akija likizo awashe yeye siku ya kwanza halafu tuongee tena.

Kwa anayetaka kufanya kama sisi, njia rahisi ni taima ya kuhesabu kurudi nyuma. Unabonyeza, inatoa umeme masaa manne au unayochagua, inakata, haiwaki tena mpaka mtu abonyeze. Zipo za vitufe, na taima nyingi za dijitali zina hiyo kazi ndani yake ila watu hawasomi kile kikaratasi, na zipo za kukaza kwa mkono zenye springi ambazo zinaendelea kuhesabu hata umeme ukikatika. Ya kwetu ni ya kitufe na umeme ukikatika katikati inabaki imezima. Umeme ukirudi tukiwa macho mtu anabonyeza tena, ukirudi tumelala taa zinabaki gizani, na ndivyo ninavyotaka. Kama unayo ile ya dijitali isiyo na kazi hiyo, iweke kwenye soketi ukutani ikiruhusu umeme kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa nne, halafu baada yake weka ekstensheni yenye swichi yake, mtoto anawasha kwa swichi ya ekstensheni, saa nne taima inakata, shida yake ni kwamba asubuhi lazima mtu aizime ile swichi la sivyo jioni zinajiwasha. Usizime swichi ya ukutani kama taima ni ile ya duara, utasimamisha saa yake.

Siku za kawaida za shule tunazima saa tatu na nusu, Ijumaa na Jumamosi saa nne na nusu. Mkesha wa Krismasi tukiwa Dar tunaziacha mpaka turudi kanisani kwa sababu kuna watu wazima wanabaki nyumbani, na mkesha wa mwaka mpya hivyohivyo, taima tunaitoa kabisa. Jirani yetu Mwislamu naye Ramadhani anafunga taa za kijani kwenye baraza, anawasha watoto wakishafuturu, na aliponiuliza habari ya taima nilimpa hii ya kwetu aitumie mwezi mzima kwa kuwa Desemba ilikuwa imeshapita. Ameirudisha ikiwa na sharti moja, anataka kujua ya springi inapatikana duka gani, kwa sababu kitufe cha kwetu watoto wake wamekibonyeza mpaka kimelegea.